Re: Cheni inashika kutu tangu nihamie Nyegezi, Mwanza, ni upepo wa ziwa?

Mkuu, ziwa halina kosa hapo. Maji ya Victoria hayana chumvi, hayali chuma kama bahari ya Dar. Umesema unaosha pikipiki kwa mashine ya presha kila jioni ukitoka mjini: tatizo ni hilo. Presha inaondoa oili yote kwenye cheni na kusukuma maji hadi kwenye beringi za magurudumu. Asubuhi unaikuta nyekundu.

Tumia ndoo na sponji, mara moja kwa wiki inatosha, isipokuwa ukiwa umepita kwenye tope. Cheni isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha pakaa oili ya gia namba 90 huku ukizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Injini iwe imezimwa kabisa! Nakusihi sana, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) inakata vidole kufumba na kufumbua. Halafu futa oili iliyozidi, maana vumbi la njia zetu za milimani likinata humo linageuka msasa. Ndiyo maana oili chafu ya injini siikubali, hata fundi akikupa bure.

Cheni usiikaze mno. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinataka mchezo, yaani ulegevu wa kupanda na kushuka, wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya cheni. Kipimo kamili kipo kwenye kitabu chake. Iliyokazwa sana, ukipakia abiria kupanda kilima cha Bugando, inavutika na kuua beringi.

Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja.