Kebo ndefu, habu za zamani na migongano: ushauri kwa wanaotandaza mitandao Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya miteremko, na majengo mengi hushuka kutoka barabarani kuelekea Ziwa Kivu. Kwa sababu hiyo, umbali unaouona kwa macho kati ya ofisi mbili hutofautiana sana na urefu wa kebo, ambayo hufuata ukuta, huzunguka kona na kupanda tena hadi darini. Vijana ninaowafundisha kazi hii nawaambia wapime njia ya kebo yenyewe, kisha waongeze vipande vya kuunganishia vifaa, kwa maana kikomo cha mita 100 cha kebo ya shaba kinavihesabu vyote: kwa kawaida mita 90 za kebo iliyofungwa ukutani na mita 10 za vipande vya pande zote mbili.

Kikomo hicho wengi wanakijua. Kinachosahaulika ni kile cha mitandao yenye habu (kisanduku kinachorudia kila ishara kwa kompyuta zote zilizounganishwa nacho), ambayo bado naikuta katika shule na ofisi zilizopewa vifaa vilivyokwisha tumika kwingine.

Kompyuta zilizounganishwa kwa habu hushiriki njia moja. Kila moja husikiliza kwanza, hutuma njia ikiwa kimya, na huendelea kusikiliza inapotuma. Mbili zikianza karibu kwa pamoja, ishara zao hugongana. Zote huacha, husubiri muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena, na fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, iliyoshindikana mara 16 hutupwa. Migongano ya namna hii ni ya kawaida, na fundi asiione kuwa ni ugonjwa.

Sharti lake ni moja: mtumaji autambue mgongano kabla hajamaliza kutuma. Ndiyo maana fremu fupi kuliko zote ina baiti 64, yaani biti 512, ambazo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua mikrosekunde 51.2. Ndani ya muda huo ishara lazima ifike mwisho wa mtandao na habari ya mgongano irudi ilikotoka. Kila mita ya kebo na kila habu hula sehemu ya muda huo, na kwa hiyo kati ya kompyuta mbili zozote zisizidi habu nne. Kwa megabiti 100 muda hupungua hadi mikrosekunde 5.12, na hata ukitumia habu za aina inayoruhusiwa kuunganishwa mbili, mtandao hauwezi kuzidi takriban mita 205 kutoka ncha hadi ncha. Anayebadilisha habu za zamani kwa za kasi zaidi huku akiacha kebo zilezile ndefu anavunja sharti hili bila kujua.

Matokeo yake ni migongano iliyochelewa, inayotokea baada ya biti 512 za mwanzo. Kwa kawaida kadi ya mtandao hairudii fremu iliyopotea hivyo. Programu ndizo hugundua pengo baada ya kungoja, na mtumiaji huona faili limekwama. Hapa kwetu lawama huangukia haraka umeme au kampuni ya intaneti, lakini ni haki kukagua kwanza hesabu za makosa ambazo vifaa vya mtandao huziweka.

Ushauri wangu ni kuondoa habu na kuweka swichi, ambayo hupeleka fremu kwa kompyuta inayohusika tu. Kompyuta na swichi zikituma na kupokea kwa wakati mmoja, hakuna mgongano tena, na kikomo cha muda kinatoweka. Mita 100 zinabaki palepale, kwa kuwa ishara hudhoofika ndani ya shaba. Kati ya jengo na jengo napendelea kebo ya nyuzi za kioo, ambayo hufika mbali zaidi na haipitishi umeme wa radi, jambo lisilopuuzwa katika mji wenye ngurumo kama huu.

Ukiona migongano iliyochelewa kwenye mtandao wa swichi wenye kebo fupi, kagua mipangilio ya pande zote mbili. Upande mmoja ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja huku mwingine ukiachwa kujipanga wenyewe, huo wa pili hurudi kwenye kupokezana, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na makosa huanza. Ruhusu pande zote mbili zipatane zenyewe kabla hujanunua kebo mpya.