Mafuta kuzunguka moyo na mwili mwembamba, yaliyonikuta

Mkuu pole. Umeuliza ripoti ya skani ikisema mafuta yamezidi kuzunguka moyo, una miaka 38 na husikii maumivu yoyote, uhangaike au upotezee. Usipotezee. Mi yalinikuta nikiwa na 41, najiona mwembamba kabisa, mzani hausemi kitu, kitambi tu ambacho nilikuwa nakisingizia umri.

Nilipigwa skani ya CT ya kifua sababu ya kikohozi kisichoisha, mapafu yakawa safi ila mwisho wa ripoti kuna mstari mmoja, mafuta mengi kuzunguka moyo na chembe za kalsiamu kwenye mshipa wa moyo wa mbele kushoto. Daktari akanisomea ya mapafu akafunga faili. Ule mstari niliuona mwenyewe nyumbani, na unaniuma mpaka leo maana nilishamwambia baba yangu alifariki kwa moyo akiwa na 52.

Daktari wa pili ndo alinieleza vizuri. Kuna mafuta yaliyo nje ya mfuko wa moyo na kuna yaliyo ndani, haya ya ndani yamelala juu ya msuli wenyewe na mishipa inayoulisha moyo inapita humo humo, hakuna utando wa kuyatenganisha. Yakiwa kiasi yana kazi yake na kila mtu anayo, yakizidi ndo yanaanza kutoa kemikali zinazochokoza kuta za mishipa, kolesteroli inapata pa kujichimbia. Na maumivu yanachelewa sana kuja, mara nyingi mpaka mshipa uwe umebana kweli kweli, na wengine dalili yao ya kwanza ndo shambulio lenyewe.

Ila mafuta peke yake hayamaanishi mishipa imeziba, kwa iyo pima mengine: presha, sukari, LDL (ile kolesteroli mbaya), na kiuno. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mi nina sentimita 170 na kiuno kilikuwa 98, hapo mzani ulikuwa umenidanganya miaka yote. Uliza pia kuhusu skani ya kupima kalsiamu kwenye mishipa ya moyo, ni ya haraka na huchomwi dawa, lakini ukipata sifuri kwa umri wako usilale, uchafu wa kolesteroli kwenye kuta za mishipa ambao bado ni laini, haujashika kalsiamu, hauonekani pale.

Nikaanzishiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nikaacha sigara, nikawa natembea kwa kasi dakika 45 siku tano za wiki. Baada ya mwaka kiuno 87, na kilo zilizotoka ni sita tu! Mafuta ya moyo yanapungua pamoja na yale ya tumboni, ila kalsiamu haiondoki, na ukiwa kwenye statini namba yake inaweza hata kupanda kidogo sababu uchafu unakuwa mgumu, usije ukaacha dawa kwa hilo.

Isome ripoti yako mpaka mstari wa mwisho, kalsiamu imetajwa? Na nyumbani kwenu kuna aliyepata shida ya moyo mapema, baba, mama, ndugu wa kuzaliwa nao?