Ukitaka wamjue mhusika, waache wamsikie akiwa peke yake

Nimefundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne miaka kadhaa sasa, na kitu kilichokuwa kinaniumiza ni ile unauliza huyu mhusika ni mtu wa aina gani, darasa zima linajibu "ni jasiri, ana mapenzi ya dhati", ukiuliza umejuaje, kimya. Wamekariri kwenye vitini. Na mimi nilichangia, maana nilikuwa naanza na maana ya dayalojia (majibizano ya wahusika) ubaoni, maana ya uzungumzi nafsi (mhusika kusema peke yake) ubaoni, wananakili, kengele inalia.

Siku hizi naanza na kijana mmoja niliyemtunga mwenyewe, kafukuzwa kazi gereji. Kwa mama yake anasema, "Bosi kanipa mapumziko kidogo tu mama." Kwa mshkaji wake, "Nimeacha mwanangu, pale hapafai." Usiku akiwa peke yake, "Spana moja tu. Si ningeirudisha." Basi hapo simalizi hata kuuliza, mikono iko juu, kumbe ni mwizi, hapana si mwizi anajuta, mbona kwa mama kawa mpole na kwa rafiki anajitutumua? Halafu nawapa jibu la mama: "Haya. Chakula kipo chini ya kawa." Wanabishana mpaka kipindi kinaisha kama mama anajua au hajui. Mama kasema maneno sita tu na wameshampenda.

Ukitoka hapo ndo uende kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile tamthiliya ya 1969 ya Vita vya Maji Maji. Mbele ya watu Kinjeketile ni mtabiri, kaleta maji ya kuzuia risasi, makabila yaliyokuwa hayapatani yanaungana kwa ajili yake, ila akianza kusema na nafsi yake unaona mtu aliyeogopa kwamba neno alilolizaa limekua mpaka limemshinda. Na bado mwishoni akiwa mfungwa wa Wajerumani anagoma kusema maji yale ni uongo. Waulize Kinjeketile wa kweli ni yupi. Mimi naamini ni wote wawili, lakini usiwaambie mapema.

Wakianza kutunga wenyewe utakutana na hili, uzungumzi nafsi unaandikwa kama barua ya kuomba kazi, "Mimi ni kijana niliyezaliwa katika familia maskini". Hakuna mtu anajitambulisha kwa nafsi yake jamani! Mtu akiwa peke yake anarukaruka, anakatisha, anarudia kitu kilekile kinachomchoma. Mwambie mwanafunzi asimame ageukie ukuta aseme kwa sauti kabla hajaandika, inasaidia mno.

Na kwenye majibizano, chukua karatasi ufunike majina ya wahusika kushoto, msome mistari mitupu. Msipojua nani anaongea, mrudishie mwanafunzi daftari arekebishe sauti zao, asiguse kisa.