Re: Mhusika wangu ana kasoro lakini wasomaji hawamwamini

Mkuu, umesema Salma wako, yule fundi cherehani, umempa kiburi na hasira za haraka, ila waliosoma rasimu wanaona kasoro hizo kama zimebandikwa tu. Nadhani shida ni kwamba hazimgharimu chochote. Anafoka sura ya pili, sura ya tatu kila mtu ameshasahau.

Mtazame Okonkwo, mhusika mkuu wa Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Ukali wake ni moshi tu. Moto wenyewe ni woga wa kuonekana dhaifu kama baba yake, Unoka, aliyekufa na madeni. Woga huo ndio uliomfanya achape kazi hadi akajaza ghala la viazi vikuu, na ndio uliomfanya amkate panga Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba, ilhali mzee Ezeudu alishamwonya asishiriki. Kilichompandisha ndicho kinachomwangusha.

Sasa Salma. Mteja anakuja kujaribu gauni la harusi, linabana kwapani. Badala ya kufumua mshono, Salma anamwambia, "Umenenepa, dada." Gauni linachanika ukumbini mbele ya wakwe, na bibi harusi ni binti wa mwenye fremu anayopanga Salma. Hapo kiburi kinasukuma hadithi.

Hasira ningeifuta kabisa (zinawachosha wasomaji hizi kasoro za jumla jumla). Na sentensi ya "Salma alikuwa na kiburi" itoe popote ilipo. Ukishaandika upya sura ya pili, itupie hapa tuione.