Tela linakaza ukipandisha rivasi: usikate breki

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimenunua tela la boti, mtumba kutoka Uingereza. Nakaa Isamilo, hapa Mwanza, na njia ya kuingia kwangu ni mlima. Nikipiga rivasi kupandisha, matairi ya tela yanakaza mpaka klachi ya pikapu inanuka. Nikipiga rivasi ziwani kushusha boti, linateleza vizuri kabisa. Fundi mmoja ananiambia nikate hizo breki. Nikate?

JIBU: Usikate, kaka. Tela la namna hiyo halipokei breki kutoka kwenye gari, breki zake zinaamshwa na msukumo. Ukikanyaga breki, pikapu inapunguza mwendo lakini tela linataka kuendelea, basi kile kichwa chake kilichoshika gari kinaingia ndani, kinavuta fimbo na nyaya, na breki shuu, yaani vile vibao vya breki ndani ya gurudumu, zinabana. Sasa ukipandisha rivasi, wewe mwenyewe unakisukuma kichwa kilekile kiingie ndani. Kwa tela, hiyo ni breki. Kwenye mlima ambao kila mita 10 unapanda mita 1, tela la kilo 1,000 pamoja na boti linadai msukumo wa karibu kilo 100 ili lipande, na wote unapita kwenye kichwa hicho. Pale tambarare ni mdogo sana.

Kinachonitia hofu zaidi ni huko ziwani unakokusifia. Ukiteremka kwa rivasi, tela linavuta, kichwa kinatoka nje, na breki zake hazishiki kabisa. Mzigo wote umebebwa na breki za pikapu peke yake, tena kwenye tope. Teremka taratibu, na utingo asimame pembeni na jiwe la kuwekea tairi. Asikae nyuma ya tela hata kidogo.

Angalia una tela la aina gani. Yale ya zamani yana kipini au kilimi cha chuma karibu na kichwa, cha kuzuia kisiingie ndani. Unakiweka ukipandisha rivasi, unakitoa kabla ya kwenda mbele. Ukikisahau, tela halina breki, na utajua hivyo ukiwa unateremka mlima.

Matela mengi ya Ulaya ya kuanzia miaka ya 1990 hayahitaji kipini. Drami, lile kopo la chuma linalozunguka na gurudumu, ikizunguka kinyumenyume, breki shuu inajikunja na kuachia yenyewe. Utasikia linashika kidogo, kisha linaachia. Kama lako ni la aina hiyo na bado linakaza, nashuku mtu aliona breki zimelegea akakaza nyaya badala ya kurekebisha kwenye magurudumu. Hilo nakutana nalo mara nyingi. Legeza nyaya kwanza, nyanyua tela kwa jeki, rekebisha shuu za kila gurudumu huku ukilizungusha kwa mbele, kisha ndiyo umalizie kwenye fimbo. Kagua pia kama vijiti vya ndani ya drami vimeshikwa na kutu.

Aina hiyo ikiegeshwa ikitazama mlimani inaweza kurudi nyuma kidogo kabla handibreki haijashika, kwa hiyo jiwe ni lazima.

Na ukishuka Isamilo hadi ufukweni, gusa habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa tahadhari. Zikiwa za moto, subiri zipoe ndipo uziingize majini, maana habu ikipoa ghafla inanyonya maji kupitia sili, na grisi ya beringi inaharibika.