Maswali na Majibu: Roboti Inayopotea Juani

SWALI: Assalaam aleikum, wahariri. Roboti yetu ina sensa mbili za TCRT5000 na sebuleni hufuata mstari mweusi bila shida. Tukiitoa barazani mchana inaenda upande. Mstari tumeukata kwenye buibui kuukuu. Tununue sensa nyingine? – Wanafunzi wawili, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, wanetu. Msizitupe hizo sensa. Mna matatizo mawili, jua na kitambaa.

TCRT5000 ina taa ndogo inayotoa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na transista inayoipokea ikirudi kutoka sakafuni. Jua nalo limejaa miale hiyohiyo. Transista ikiunganishwa na volti 5 kupitia resista ya kiloomu 10, sakafu nyeupe hutoa namba ndogo na mstari mweusi namba kubwa. Juani transista hushiba, yaani hufika kikomo cha mwanga inaoweza kupima, kabla taa yenu haijafanya lolote, na Arduino, ile bodi inayoiendesha roboti, husoma namba ndogo kila mahali, mstari uwepo usiwepo. Iunganisheni na kompyuta hapohapo barazani mzitazame namba. Mtaliona hilo wenyewe.

Anzeni na kivuli. Shusheni sensa ibaki milimita 2 hadi 3 juu ya sakafu, kisha izungusheni kadibodi nene. Plastiki nyeusi nyembamba msiiamini, kwani nyingine hupitisha infraredi kama kioo. Namba zikiwa bado zimekwama chini, ondoeni resista ya kiloomu 10 mtie ya 2.2, ili transista isishibe upesi.

Kisha fanyeni hesabu ya kutoa. Taa ya kila sensa ipate umeme kwenye pini yake ya Arduino, kupitia resista ya omu 220. Hapo inakula kama miliampea 17, na pini inazimudu. Zimeni taa, someni. Washeni, ngojeni milisekunde 1, someni tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni mwanga wa taa yenu peke yake, jua limeshatolewa. Transista iliyoshiba haitoi tofauti yoyote, ndiyo maana kivuli kinatangulia. Vile vibao vya sensa vinavyouzwa tayari, vyenye skrubu ya bluu, kwa kawaida taa zake huwaka muda wote, kwa hiyo hapa tumieni sensa tupu.

Sasa buibui. Jicho linaona weusi, lakini rangi nyingi za vitambaa huakisi infraredi, na sensa huiona nguo hiyo karibu sawa na sakafu. Kalamu nyingi za wino mweusi zina kasoro hiyohiyo. Kaboni ndiyo inayomeza miale: chukueni masizi ya sufuria, changanyeni na gundi nyeupe, pakeni mstari wa sentimita 2 juu ya karatasi. Ukikauka, pimeni namba juu yake na pembeni yake kabla ya kuandika programu.

SWALI: Namba za sensa yangu ya kupima umbali, Sharp GP2Y0A21, zinaruka-ruka, na roboti ikikaribia ukuta inadhani njia ni nyeupe. Imeharibika? – Msomaji, Malindi

JIBU: La, ndugu. Sensa hiyo hupima sentimita 10 hadi 80. Kwenye 10 hutoa kama volti 2.3, kwenye 80 kama 0.4. Ukuta ukiingia ndani zaidi ya sentimita 10, volti hupanda kidogo kisha huporomoka, na ukuta ulio karibu kabisa husomeka kama ulio mbali. Irudishe sensa nyuma kwenye bodi, iwe sentimita 10 kutoka pua ya roboti, na kosa hilo halitatokea.

Kuruka-ruka kunatokana na umeme: sensa huvuta mkondo kwa mishtuo. Weka kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi kati ya waya wa volti 5 na wa hasi, karibu kabisa na sensa. Usiisome mara nyingi kuliko kila milisekunde 40, maana kabla ya hapo hupati kipimo kipya. Na kwa kuwa upepo wa bahari huacha chumvi kwenye lenzi zake mbili, zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kabla ya kupima.