Ukimtoa mkeo jioni, agizeni chakula cha chunguni

Tangu niweke mtandaoni picha yangu na mke wangu tukiwa mezani katika mgahawa wa Kifaransa, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, ujumbe haukomi. Wengi wanauliza bei tu. Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ndiye aliyeandika vizuri: amelipwa, ana mchumba, anataka kumpeleka mahali pa chakula cha Kifaransa, ila anaogopa kuaibika. Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo na hamthubutu kuisema.

Woga wako naujua. Miaka ya nyuma, katika mgahawa mmoja wa mjini, mhudumu alimcheka mke wangu kwa sababu aliuliza kama kuna bukari, ugali wetu. Hakumjibu hata. Aligeuka, akamwambia mwenzake maneno ya Kifaransa, wakacheka wote wawili, kana kwamba mtu wa Lubumbashi anayesema Kiswahili hasikii Kifaransa. Mgahawa ule ulishafungwa, na sitawadanganya kwamba nilisikitika.

Safari hii tulikwenda padogo: meza chache, vitambaa vya miraba myekundu na myeupe, chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi. Msidhani ni upishi wa hoteli kubwa za Paris. Huu ni upishi wa mikoani, wa Bourgogne, wa Provence, wa kule Toulouse; chakula cha watu waliokuwa na nyama ngumu na muda wa kungoja. Coq au vin kwa asili ni jogoo mzee, yule ambaye ukimkaanga atakuvunja meno, basi wakamlaza kwenye divai nyekundu na kumchemsha polepole mpaka akubali. Boeuf bourguignon ni hivyohivyo: sehemu za ng'ombe za bei nafuu, divai, vitunguu, karoti, uyoga, na saa nyingi jikoni, kama mama zetu na sombe, yale majani ya muhogo. Halafu kuna cassoulet, maharagi meupe yaliyookwa kwenye chombo cha udongo pamoja na soseji, bata au nguruwe. Miji mitatu, Castelnaudary, Carcassonne na Toulouse, kila mmoja unajidai kwamba cassoulet ya kweli ni ya kwake.

Mke wangu alinisikiliza nikimweleza haya yote (nilikuwa nimejiandaa, ndiyo), kisha akasema, "Papa, kumbe tumevaa viatu vipya kuja kula maharagi?" Mhudumu alisikia, akacheka. Lakini huyu alicheka pamoja naye: "Mama, hata bibi zao waliyala kwa viatu vya shamba."

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: agizeni cha chungu, yaani kilichopikwa polepole chunguni. Bifteki na chipsi utazipata kila kona, na kwa nyama ya moto hakuna Mfaransa atakayewashinda wauza michopo wetu, wale wachoma nyama. Cha chungu kimeanza kupikwa mapema, mpishi hana sababu ya kukiharakisha, na umeme ukikatika, nanyi mnaujua umeme wetu, chakula kiko tayari. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kwetu inapouma usiku, utanishukuru. Cha chungu, narudia.

Angalieni nguruwe. Mke wangu ni Mwadventista, hali nguruwe, na vyakula hivi vinaficha vipande vidogo vyake mahali usipotazamia: ndani ya mchuzi wa bourguignon, ndani ya quiche ya Lorraine, ile pai ya mayai na krimu. Divai nayo imo. Kama kanisa lenu au msikiti wenu unakataza, uliza kabla ya kuagiza, kwa sauti yako ya kawaida. Mke wangu aliuliza, akaletewa ratatouille, yaani biringanya, nyanya, kurjeti na pilipili hoho, pamoja na viazi vilivyookwa ndani ya krimu. Mimi nilikula bourguignon yangu nikafuta sahani kwa mkate. Inaruhusiwa.

Pesa sasa. Bei tulizikuta kwa dola. Kagua noti zako nyumbani, moja moja, maana noti iliyochanika kidogo tu itakataliwa hata ikiwa ya mia. Uliza mapema wanabadilisha franka kwa kiasi gani. Supu ya vitunguu agizeni bakuli moja, vijiko viwili. Ule mkate na jibini juu yake vinashibisha. Divai ya Afrika Kusini inatosha, haina haja ya kuja kutoka Bordeaux.

Lakini wanaume wenzangu, hapa ndipo tunapokosea, hasa sisi tunaofanya kazi migodini huko Likasi na Kolwezi na kurudi nyumbani tumechoka. Tunadhani ukimshangaza mwanamke ndiyo umempenda. Mwanamke anayejua kwa kichwa bei ya mfuko wa unga wa mahindi hashangazwi hivyo. Atakaa mbele ya sahani akigawanya dola zako kwa mifuko ya unga, na hatakuambia. Mimi nilimwambia mke wangu siku chache kabla: pesa hii imetengwa, karo imelipwa, unga upo, na kiasi chenyewe ni hiki. Alinyamaza, akasema ni nyingi, tukabishana jikoni, tukamaliza. Ndiyo maana pale mezani alikula. Tena aliagiza tarte Tatin, ile ya matofaa inayopinduliwa, akala yake na nusu ya yangu, akanieleza mambo ya dada yake ambayo nilikuwa siyajui kabisa. Simu zote mbili zilikuwa ndani ya mkoba wake.

Na wewe unayeona aibu kumtajia mkeo kiasi, mpeleke kwanza kwenye michopo. Kule bei inasemwa kwa sauti, kila mtu anasikia, utazoea.